Fenobabitoni ile ile, kopo jipya, na kifafa kimerudi: kosa liko wapi?

#1 Mjomba_Vurra
Habari zenu wanajukwaa. Mpwa wangu, msichana wa darasa la sita, amekuwa akimeza fenobabitoni tangu akiwa mdogo, vidonge viwili vya miligramu 30 kila usiku, na kwa miaka kadhaa hakuanguka kabisa. Tangu muhula huu uanze ameanguka shuleni, ameanguka nyumbani, na juzi ameanguka mbele ya wageni waliokuja matangani. Kwa jinsi ninavyoona mimi, kilichobadilika ni kopo. Kituo chetu cha afya kilimpa vidonge vya kopo jingine, vyeupe kama vile vya zamani lakini vidogo kidogo, na ukivisugua kati ya vidole vinaacha unga. Dada yangu anasema dawa ni mbovu. Kijana wa duka la dawa hapa Arua, Uganda, anasema kwamba fenobabitoni ni dawa ya kizee, imekwisha nguvu duniani kote, na ametutajia nyingine ambayo kwa bei yake tungeuza mbuzi kila mwezi. Naomba wenye ujuzi mnieleze kama dawa hii inaweza kuharibika ikiwa ndani ya kidonge, au ni mwili unaoizoea, au tunamtafuta mchawi pasipo na mchawi.

#2 Mfamasia_Jinja
Pole sana, ndugu. Kabla ya lolote, msiache kumpa vidonge hivyo kwa sababu ya wasiwasi, kwa kuwa fenobabitoni ikikatwa ghafla mgonjwa anaweza kuingia katika kifafa kisichokoma, na hiyo ni hatari kubwa kuliko kidonge kidhaifu. Pili, msilitupe kopo wala pakiti. Andika namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya matumizi, kisha peleka taarifa kwenye kituo cha afya ili ifike kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Kuhusu hilo la dawa ya kizee, kijana huyo anauza kile alicho nacho rafuni. Kampuni ya Bayer iliitoa fenobabitoni sokoni mwaka 1912 kwa jina la Luminal, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, dawa hii haijaondolewa humo. Umri wa dawa si ugonjwa wa dawa. Naomba utuambie mambo mawili: mtoto alikuwa na uzito gani alipoanzishiwa vidonge viwili, ana uzito gani sasa, na je, kuna dawa nyingine yoyote anayomeza?

#3 Mtani_wa_Koboko
Mjomba, kwa kuwa mbuzi ametajwa, sisi wa Koboko tuko tayari kumnunua kabla hujafikia hatua ya kumuuzia mwenye duka. Ninakutakia mtoto nafuu.

#4 Mkemia_Kyambogo
Nitajibu sehemu ya kwanza ya swali, yaani kama dawa inaweza kuharibika ndani ya kidonge, kwa sababu watu wengi hulijibu kwa kukisia.

Asili ya fenobabitoni ni asidi ya babituri, ambayo Adolf von Baeyer aliitengeneza mwaka 1864 kwa kuunganisha urea na asidi ya maloniki. Asidi hiyo yenyewe hailazi mtu usingizi hata kidogo. Ni asidi kali kiasi kwamba ndani ya damu karibu yote huwa na chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipenyi kirahisi utando wa mafuta unaoulinda ubongo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Emil Fischer na Joseph von Mering walionyesha kwamba ukiziondoa haidrojeni mbili zilizo kwenye kaboni namba 5 ya pete hiyo na kuweka mikono miwili ya kaboni mahali pake, asidi inalegea, inapenda mafuta zaidi, na inaingia kwenye ubongo. Walipoweka mikono miwili ya ethili walipata dawa ya usingizi iliyouzwa kwa jina la Veronal. Mmoja wa mikono hiyo ulipobadilishwa kuwa pete ya fenili, ikapatikana fenobabitoni.

Kidonge cha kawaida kina asidi hiyo ikiwa kavu. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 170 na kitu, kwa hiyo joto la paa la mabati la Arua haliwezi kuivunja molekuli yenyewe. Kinachovunjika kirahisi ni chumvi yake ya sodiamu ikishakorogwa na maji: pete hufunguka polepole na dawa hupotea, na ndiyo sababu sindano zake nyingi huchanganywa kwa propilini glaikoli badala ya maji matupu. Kwa hiyo, ndugu Mjomba, kidonge kuacha unga hakumaanishi kwamba dawa iliyomo imekufa.

#5 Muuguzi_Mstaafu
Mwanangu Mkemia, umesema vyema, lakini usiwafanye watu waamini kwamba dawa za zamani haziozi. Sisi tuliofanya kazi wodini miaka ya 1980 tuliijua paraldehaidi. Mtoto akishikwa na kifafa kisichokoma, tuliivuta kwa bomba la kioo, kwa kuwa bomba la plastiki lililegea na mpira wake ukanata kabla hujafika kitandani. Harufu yake ilikaa katika pumzi ya mtoto mpaka kesho yake, na ukiingia wodini usiku uliweza kujua bila kuuliza nani amechomwa. Chupa iliyokuwa wazi ikikaa kwenye mwanga ilianza kunuka siki. Tulifundishwa kuimwaga, kwa sababu ilikwisha kugeuka na ingeweza kumuunguza mtoto msuli au utumbo.

Kwa hiyo swali la mjomba si la kipuuzi. Liulizwe kwa kila dawa peke yake.

#6 Mkemia_Kyambogo
Nakubaliana nawe, mama. Paraldehaidi ni molekuli tatu za asetaldehaidi zilizoshikana katika pete. Ikipata mwanga na hewa pete hiyo huachana, asetaldehaidi ikarudi, kisha oksijeni ikaigeuza kuwa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki mliyoinusa. Fenobabitoni kavu haina tabia hiyo.

#7 Mjomba_Vurra
Ahsanteni nyote. Nimepekua daftari lake la kliniki. Alipoanzishiwa vidonge viwili alikuwa na kilo 19. Sasa ana kilo 33. Kuhusu dawa nyingine, bibi yake aligunduliwa kuwa na kifua kikuu, na watoto wote wa nyumba ile wamepewa vidonge vya kinga. Jina lililoandikwa ni isoniazidi, na pembeni yake kuna vitamini B6.

#8 Daktari_Kijana
Basi tumepata mambo mawili makubwa zaidi ya kopo.

La kwanza ni hesabu ya kawaida. Miligramu 60 kwa kilo 19 ni zaidi kidogo ya miligramu 3 kwa kila kilo. Miligramu 60 hizo hizo kwa kilo 33 hazifiki hata 2. Mwongozo tunaoutumia humwanzisha mtoto kwenye miligramu 2 hadi 3 kwa kilo kwa siku, na kupanda taratibu hadi 6 ikihitajika. Mtoto amekua na dozi imebaki pale pale. Katika kliniki zetu jambo hili hutokea kila wiki, kwa sababu mgonjwa aliyetulia huandikiwa "endelea na dawa" bila kupandishwa kwenye mizani.

La pili ni isoniazidi. Ubongo hutengeneza kemikali yake ya kutuliza, inayoitwa GABA, kwa msaada wa vitamini B6, na isoniazidi huiteka vitamini hiyo. Mtu akimeza isoniazidi nyingi kupita kiasi huanguka kifafa kwa sababu hiyo hasa. Fenobabitoni nayo hufanya kazi kwenye kipokezi cha GABA, hivyo ikiwa GABA yenyewe imepungua, dawa inabaki na kazi ndogo ya kufanya.

#9 Dereva_Malaba
Mimi niliambiwa kwamba dawa za kifua kikuu huamsha ini nalo likaichoma dawa ya kifafa haraka. Je, si hilo lililotokea kwa huyu mtoto?

#10 Mfamasia_Jinja
Ndugu Dereva, uliyoambiwa ni habari za rifampisini, si isoniazidi. Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazovunja dawa. Isoniazidi ikiwa peke yake huelekea upande wa pili: huvizuia baadhi ya vimeng'enya hivyo, na kwa mgonjwa anayetumia fenitoini au kabamazepini, dawa nyingine za kifafa, inaweza kupandisha kiwango cha dawa mpaka akapepesuka.

Kwa Daktari, ninaona maelezo ya B6 yamepewa uzito kupita kiasi. Kwa dozi ya kinga, tena akiwa anapewa B6 pembeni, kifafa kutokana na isoniazidi ni jambo la nadra. Kama B6 inamezwa kweli, mimi ningeiweka sababu hiyo chini kabisa. Kama B6 inabaki kabatini kwa kuwa bibi anadhani ni vitamini tu isiyo na kazi, hapo nitabadilisha maneno yangu.

#11 Mwalimu_Kasese
Naomba niongee kama mwalimu wa shule ya bweni. Mmezungumza ini, damu na vimeng'enya, lakini hakuna aliyeuliza mtoto analala saa ngapi. Darasa la sita katika shule nyingi ndipo mbio za mtihani wa kumaliza msingi zinapoanza. Watoto huamshwa saa kumi alfajiri kwa ajili ya kujisomea, na usiku hurudi bwenini saa nne. Nimeona kwa macho yangu mvulana aliyekuwa hajaanguka tangu chekechea akaanguka wiki ya pili ya ratiba hiyo, na alipohamishiwa kutwa akatulia, bila dawa yake kubadilishwa. Kukosa usingizi huchokoza kifafa, hata wahudumu wa afya husema hivyo.

Halafu kuna jambo la pili ambalo wazazi hawalijui: ni nani anayempa mtoto dawa bwenini? Mara nyingi ni matroni mwenye mabinti themanini na funguo nyingi.

#12 Mjomba_Vurra
Mwalimu, umenigusa. Yuko bweni tangu muhula huu.

#13 Mtani_wa_Koboko
Hivyo kopo limeingia siku moja na bweni, kilo kumi na nne, na kifua kikuu cha bibi. Mjomba, wewe ulikuja na mshukiwa mmoja, jukwaa limekujazia selo.

#14 Daktari_Kijana
Kuhusu matroni, kuna jambo la kifamasia ambalo linamtetea. Fenobabitoni hukaa mwilini muda mrefu sana. Kwa mtu mzima huchukua takriban siku tatu hadi tano kupungua nusu. Kwa watoto huondoka upesi zaidi, lakini bado ni siku, si saa. Kwa hiyo kusahau usiku mmoja hakumwangushi mtoto aliyekuwa na kiwango cha kutosha. Tabia hii ndiyo iliyoifanya ifae vijijini, ambako mvua ikifunga barabara dawa huchelewa. Lakini ubaya wake ni kwamba makosa hujificha. Mtoto akikosa vidonge leo na kesho kutwa, haanguki siku hiyo. Anaanguka wiki inayofuata, na kila mtu ameshasahau.

Vilevile dozi ikipandishwa, matokeo kamili huonekana baada ya wiki mbili au tatu. Naomba lisomwe na kila mzazi anayetaka kuongeza kidonge leo, akaona mtoto bado anaanguka kesho, akaongeza kingine.

#15 Mama_Bombo
Mimi nina neno juu ya usalama, kwa kuwa tunaisifu mno. Binti ya dada yangu alipewa fenobabitoni akiwa na miaka mitano na akageuka mtoto mwingine kabisa. Dawa ya usingizi, lakini yeye hakulala: alikimbia, alipiga wenzake, aligonga milango mpaka jirani wakadhani ana pepo. Walipombadilishia dawa, akarudi kuwa yule tunayemjua. Nimesoma pia kwamba inapunguza akili za watoto. Je, ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

#16 Daktari_Kijana
Mama, hilo la kuchangamka kupita kiasi linajulikana vizuri. Watoto na wazee wakati mwingine hupata kinyume cha usingizi.

Kuhusu akili, chanzo cha maneno hayo ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990. Watoto wadogo waliowahi kupata degedege la homa walipewa fenobabitoni kwa miaka miwili, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walikuwa na wastani wa alama 8.4 pungufu katika kipimo cha akili, na hawakukingwa vizuri dhidi ya degedege pia. Utafiti huo ulisababisha wengi kuiacha dawa hii kwa degedege la homa, na nadhani ilikuwa haki. Lakini watoto wale hawakuwa na kifafa. Katika vijiji vya Bengal Magharibi, India, watoto wenye kifafa walilinganishwa kati ya fenobabitoni na fenitoini, matokeo yakatoka mwaka 1998, na fenobabitoni haikuonekana kuharibu tabia zaidi ya mwenzake. Mtoto anayeanguka kila wiki naye hupoteza akili kwa njia yake, na wakati mwingine hupoteza uso kwenye jiko la mkaa.

#17 Dereva_Malaba
Mnataja Marekani na India, lakini hapa jirani Kilifi, Kenya, fenobabitoni iliua watoto katika utafiti. Hilo mbona halisemwi?

#18 Muuguzi_Mstaafu
Lisemwe, lakini lisemwe lote. Ulikuwa utafiti wa watoto wenye malaria ya ubongo, waliokwisha kupoteza fahamu, na ulichapishwa mwaka 2000. Walichomwa sindano moja ya fenobabitoni, miligramu 20 kwa kila kilo, kwa mkupuo. Degedege lilipungua, ila vifo vilikuwa asilimia 18 kwa waliochomwa dawa na asilimia 8 kwa wasiochomwa. Hatari ilikuwa kubwa hasa kwa waliokuwa wamepewa pia diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege, mara kadhaa. Pumzi ilisimama. Kwenye wodi zetu wakati huo mashine ya kumpumulia mtoto ilikuwa ndoto.

Kwa hiyo, mwanangu Dereva, sindano ile kwa mtoto aliye mahututi si kidonge cha usiku cha mtoto wa darasa la sita. Lakini nakubali kwamba utafiti ule ulitufundisha adabu. Kabla yake tulichoma tukidhani kwamba mtoto akitulia amepona.

#19 Mkemia_Kyambogo
Alichosema Mama Muuguzi kina mzizi katika namna dawa inavyogusa kipokezi. Diazepamu na ndugu zake hufanya mlango wa kloridi, chembe zinazoituliza seli ya ubongo, ufunguke mara nyingi zaidi pale GABA inapoubisha. GABA isipokuwepo, diazepamu haina la kufanya. Babituri, yaani ukoo wa fenobabitoni, huufanya mlango huo ukae wazi muda mrefu zaidi kila unapofunguka, na dozi ikipanda sana huufungua hata bila GABA. Hakuna mahali inapofika ikasema basi. Ndiyo maana babituri nyingi ikikutana na diazepamu, au na pombe kali kama waragi, kituo cha pumzi kinalala pamoja na mwenyewe. Marilyn Monroe alifariki mwaka 1962, na dawa zilizokutwa mwilini mwake zilikuwa pentobabitoni na hidrati ya klorali, yaani watuliza mishipa wawili wa zamani kwa pamoja.

#20 Mtani_wa_Koboko
Kwa hiyo shangazi yangu anayemeza fenobabitoni na kushushia kwa waragi ili "ipande vizuri" hajavumbua tiba mpya?

#21 Muuguzi_Mstaafu
Mwambie shangazi aache leo. Sitanii.

#22 Mama_Bombo
Na mtu akizidisha, hospitali ina dawa ya kuipinga? Nimesikia kuna sindano ya kumwamsha.

#23 Daktari_Kijana
Sindano hiyo inaitwa flumazenili, nayo huwapinga akina diazepamu peke yao. Babituri haina kipingamizi. Mgonjwa husaidiwa kupumua, shinikizo la damu hutunzwa, na dawa huachwa itoke. Kinachoweza kuharakisha ni magadi ya hospitali, yaani sodiamu baikaboneti, yanayoufanya mkojo uwe wa alkali. Mkemia ataeleza vizuri kuliko mimi.

#24 Mkemia_Kyambogo
Fenobabitoni ni asidi dhaifu, na pKa yake, yaani kiwango cha pH (kipimo cha asidi) ambapo nusu yake hupata chaji, ni takriban 7.3, karibu sawa na pH ya damu. Kwa hiyo kwenye damu nusu na kidogo ina chaji, iliyobaki haina. Katika mkojo wenye pH 6, yenye chaji ni kama asilimia 5 tu, na ile isiyo na chaji hupenya ukuta wa mirija ya figo na kurudi kwenye damu. Ukipandisha mkojo hadi pH 8, zaidi ya asilimia 80 inapata chaji, na kilichoingia kwenye mkojo hakirudi tena, kama samaki aliyeingia kwenye mgono. Njia hii inaifaa fenobabitoni kwa sababu takriban robo yake hutolewa na figo bila kubadilishwa. Kwa babituri nyingine, ambazo karibu zote huvunjwa na ini, magadi hayasaidii.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio wa kutisha: mgonjwa asiyepumua vizuri damu yake huwa na asidi zaidi, sehemu kubwa zaidi ya dawa hii hupoteza chaji, na kiasi kikubwa zaidi huingia kwenye ubongo.

#25 Mfamasia_Jinja
Kemia ni sahihi, lakini wodini mambo yamesogea. Tangu mwaka 2004 miongozo ya wataalamu wa sumu inasema kwamba kwa fenobabitoni, makaa ya dawa yanayorudiwa kila baada ya saa kadhaa hufanya kazi vizuri kuliko magadi, maana huivuta dawa kutoka kwenye damu kupitia ukuta wa utumbo. Makaa hayo hayapewi mtu asiyeweza kumeza au kulinda koo lake, asije akayavuta mapafuni. Naomba pia asiyejua asijaribu makaa ya jikoni.

#26 Mama_Bombo
Nina swali jingine ambalo ni la wanawake, mtanisamehe kama linatoka nje kidogo. Rafiki yangu anatumia fenobabitoni, na alikuwa na kipandikizi mkononi cha kuzuia mimba. Amepata mimba kipandikizi kikiwa bado kipo. Mumewe anamshuku kwamba alikitoa kwa siri.

#27 Mfamasia_Jinja
Halitoki nje hata kidogo, na mumewe aonyeshwe ujumbe huu. Fenobabitoni huliamsha ini kutengeneza vimeng'enya zaidi, na vimeng'enya hivyo huvunja homoni za vidonge vya uzazi na za kipandikizi haraka kuliko kawaida. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviathiriki kwa kiasi hicho. Rafiki yako aende kliniki mapema. Dawa yenyewe ina hatari zake kwa mimba, zikiwemo kasoro za moyo na mdomo sungura, lakini akiiacha mwenyewe ghafla anaweza kuanguka na kujidhuru yeye na mtoto. Mtoto akizaliwa apewe vitamini K, kwa sababu dawa hii huweza kuipunguza na kuleta damu kutoka.

Ini hilo hilo lililoamshwa hupunguza pia dolutegraviri, ambayo wengi wa wagonjwa wetu wa virusi vya UKIMWI wanaitumia. Ndiyo maana kliniki inapouliza "unameza nini kingine," kifafa kitajwe, hata kama mtu anaona aibu.

#28 Dereva_Malaba
Sasa kama ini linaamka na kuvunja dawa nyingine, kwa nini lisiivunje fenobabitoni yenyewe? Labda hapo ndipo mwili wa mpwa wa Mjomba ulipoizoea.

#29 Daktari_Kijana
Swali zuri. Kabamazepini hujichoma yenyewe namna hiyo katika wiki za mwanzo, na kiwango chake hushuka. Kwa fenobabitoni athari hiyo ni ndogo. Usingizi wa mwanzo ndio unaozoeleka: mgonjwa husinzia wiki za kwanza kisha akachangamka, huku kinga dhidi ya kifafa ikibaki kwa wengi. Mazoea ya mwili kwa kinga yenyewe yapo kwa baadhi ya wagonjwa, kwa hiyo sitalifuta wazo lako.

#30 Mwalimu_Kasese
Mimi bado nasimama na usingizi. Tena napenda kuuliza kuhusu huyo aliyegundua kwamba dawa ya usingizi inazuia kifafa, maana inaonekana hata yeye alisaidiwa na kukosa usingizi.

#31 Mkemia_Kyambogo
Alikuwa Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Freiburg, Ujerumani, mwaka 1912. Husimuliwa kwamba alilala karibu na wodi ya wagonjwa wa kifafa, akawapa Luminal ili usiku upite kwa utulivu, kisha akaona kwamba hata mchana wameacha kuanguka. Dawa iliyotangulia ilikuwa bromidi ya potasiamu, ambayo Charles Locock aliitaja mwaka 1857. Hiyo hukaa mwilini muda mrefu zaidi na iliwaacha watu na vipele na akili iliyopotea. Ukilinganisha na bromidi, fenobabitoni ndiyo ilikuwa dawa mpya ya bei kubwa ya duka la dawa la wakati huo.

#32 Mfamasia_Jinja
Na upya nao una historia yake. Thalidomaidi iliuzwa kuanzia mwaka 1957 ikisifiwa kuwa dawa ya usingizi salama kuliko babituri. Iliondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa bila mikono au miguu kamili.

#33 Mjomba_Vurra
Nimerudi na habari. Tulimpeleka kliniki. Wamempima uzito, wamepandisha dozi kwa kidonge kimoja, na wamesema tusitarajie jibu kabla ya wiki tatu. Kipimo cha damu cha kujua kiwango cha dawa hakipo huku. Bibi amekiri kwamba zile B6 zilikuwa kabatini, pakiti nzima. Shule imekubali alale mpaka saa kumi na mbili, ingawa mwalimu mkuu ameuliza nani atawajibika mtoto akifeli. Kuhusu kopo, mhudumu ameandika namba ya toleo na kuchukua vidonge kadhaa, lakini ameniambia waziwazi kwamba hakuna mtoto mwingine aliyelalamika.

#34 Mwalimu_Kasese
Umebadilisha mambo matatu kwa pamoja, ssebo. Akitulia, kila mmoja wetu humu atasema ni yeye aliyekuwa sahihi.

#35 Daktari_Kijana
Afadhali tugombane mtoto akiwa ametulia.

#36 Mfamasia_Jinja
Mimi kopo silisamehe bado. Hakuna aliyelalamika ni kwa sababu wengi hawaandiki tarehe za kuanguka. Nouakchott, Mauritania, watafiti walipima fenobabitoni iliyokuwa ikiuzwa mjini, wakachapisha mwaka 2005 kwamba zaidi ya asilimia 10 ya sampuli hazikufikia kiwango. Molekuli haiozi, kama Mkemia alivyosema, lakini kiwandani mtu anaweza kuiweka kidogo, au kidonge kikabanwa vibaya kisiyeyuke tumboni inavyopaswa.

#37 Mkemia_Kyambogo
Hilo la kuyeyuka sikulipinga. Fenobabitoni yenyewe huyeyuka kidogo sana majini, takriban gramu 1 kwa lita, na ina maumbo kadhaa ya fuwele, kila moja na mwendo wake wa kuyeyuka. Mjomba, kama bado una kidonge cha kopo la zamani na cha jipya, weka kila kimoja kwenye bilauri ya maji bila kukoroga, utazame kipi kinavunjika kwanza. Hakitakuambia kiasi cha dawa kilichomo, kwa hiyo usiamue dozi kwa kutumia bilauri.

#38 Mjomba_Vurra
Cha zamani sina hata kimoja. Alivimaliza vyote, kama alivyoambiwa.

#39 Dereva_Malaba
Mimi naomba niulize langu kabla uzi haujazama. Nameza fenobabitoni usiku, sijaanguka muda mrefu, na naendesha lori kutoka Malaba hadi Kampala. Asubuhi macho huwa mazito mpaka nifike Iganga. Je, niimeze mapema jioni badala ya usiku?

#40 Daktari_Kijana
Ndugu, kwa dawa inayokaa mwilini siku kadhaa, kuimeza saa kumi na mbili jioni badala ya saa tatu usiku hakutabadilisha sana uzito wa macho yako. Hilo lori lingetakiwa kuzungumzwa na aliyekuandikia dawa. Je, anajua kwamba wewe ni dereva?

#41 Dereva_Malaba
Hakuniuliza.